Naomba ushauri: fosforasi ipo shambani ila mahindi hayaipati

Habari zenu wakuu. Nina ekari mbili Njombe, udongo mwekundu wenye tindikali kali, pH 4.9. Huu msimu wa tatu mahindi yakifika magotini majani yanageuka zambarau na kudumaa. Inaniuma, maana samadi naweka kila mwaka.

Kwa nilivyosoma, sehemu ya fosforasi ya kwenye mboji na samadi mzizi hauwezi kuinyonya ilivyo. Lazima vimeng'enya viitwavyo fosfatasi, vinavyotolewa na mizizi, bakteria na kuvu, viikate kwanza iwe fosfeti. Iliyo ngumu zaidi ni aina ya fosforasi iitwayo faiteti: hung'ang'ania chuma na alumini, ambavyo udongo wetu wa tindikali umejaa, kimeng'enya kisiifikie. Na hata fosfeti ikiachiwa, madini hayohayo huidaka tena kabla mzizi haujaiona.

Nilipokwama ni hapa. Chokaa ingepunguza hiyo alumini. Lakini nataka pia kuweka mbolea ya mawe ya fosfeti ya Minjingu, na hiyo huhitaji tindikali ili iyeyuke. Nikitangulia na chokaa si nitakuwa nimeizuia? Au niviweke misimu tofauti?

Jirani ananiambia nifukie tithonia, ile alizeti pori ya kandokando ya barabara, iwape chakula vijidudu. Mwingine anasema nichanganye mbaazi, kwamba mizizi yake hutoa asidi ya kufungua fosforasi iliyoshikwa na chuma. Kwa baridi ya huku mbaazi itakubali kweli?

Aliyewahi kulima udongo kama huu, naomba anieleze alianza na nini na kwa kiasi gani kwa ekari. Hela inatosha jambo moja tu msimu huu.