Tupeane uzoefu: ulihamaje kutoka memori kadi kwenda kwenye apu za muziki?

Mzee wa Droo
Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa natafuta kitambulisho cha mpiga kura kwenye droo nikakutana na memori kadi ya GB 2, ile ndogo nyeusi, imebandikwa plasta imeandikwa BOLINGO + ZILIPENDWA kwa peni ya bluu. Kazi hiyo alinifanyia kijana mmoja wa stesheneri pale Mwenge mwaka 2011 kama sikosei, nilimpa buku mbili akanijazia mpaka kadi ikakataa. Alikuwa na kompyuta moja chakavu hatari, unamwambia tu nitupie mchiriku, nitupie Bongo Fleva za kitambo, anaburuta folda zima. Msanii anapata nini pale hakuna aliyejiuliza, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Nikakaa nikawaza, hivi nilihama lini? Nakumbuka nilinunua Tecno nikaikuta Boomplay imo ndani sijaomba, kumbe ni ya Transsion hao hao wenye Tecno, Infinix na itel, waliianzishia Nigeria 2015 wakawa wanaipakia kwenye simu kabla hazijafika dukani. Ujanja mkubwa ule, maana nani wa kule kwetu angechoma bando lake kwenda kutafuta apu ya muziki Play Store, ila ukiikuta ipo utabonyeza tu. Spotify nikaingia 2021 walipofungua Tanzania na Kenya na nchi nyingine kibao kwa mpigo.

Sasa leteni za kwenu. Ulihama lini, nini kilikuhamisha, na yapi yamekukuta huko. Mambo ya apu gani kali tumeshabishana sana humu, leo tuhadithiane.

kinyozi_mstaarabu
Mkuu ngoja nifungue dimba. Nina saluni ya kiume Sinza, nilianza na flashi kwenye sabufa mpaka wateja wakawa wananicheka, wanajua ikiisha hii inakuja ile. Mdogo wangu anasoma Morogoro akanifungulia akaunti ya kulipia tukawa tunachanga nusu kwa nusu, maisha yakawa mazuri.

Jumamosi moja watu wamejaa kwenye benchi, nipo na mteja namchonga laini ya mbele, pale ambapo hata kupumua unapumua kwa mahesabu, amapiano inatembea taratibu, mara inakatika inaanza KWAYA tena sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Nilishtuka mkono ukapanda. Laini ikaingia ndani kama nusu inchi, ikabidi niirudishe yote nyuma jamaa akatoka na uso mrefu kama kiatu, na hela sikuchukua. Kumbe dogo kule hosteli kafungua akaunti, kaona jina la spika ya saluni kwenye orodha akadhani ni ya rumeti wake, kabonyeza. Yaani yupo Morogoro anaendesha muziki wangu Sinza!

Zero_na_Moja
Hahaha pole mkuu. Hiyo Spotify wanaiita Connect, ipo tangu 2013, simu inakuwa rimoti tu halafu kifaa kinauvuta wimbo chenyewe kutoka mtandaoni. Na akaunti moja ya mtu mmoja inapiga sehemu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata asingeigusa spika yako, akianza kusikiliza kwake wewe unakatika. Ila kaka, akaunti hizi masharti yake ni kusikiliza mwenyewe, siyo kwenye biashara. COSOTA, wale wa hakimiliki, wakipita hapo Sinza usiseme hukuambiwa.

kinyozi_mstaarabu
Mkuu usiniharibie siku tafadhali.

Zero_na_Moja
Basi na langu. Mimi nilihamishwa na bando. Nilikuwa mtu wa YouTube, kioo kinawaka, simu ikiingia mfukoni inajigusa wimbo unaruka, na video nailipia wakati macho yapo barabarani. Siku nikakaa na kikokotoo. Spotify ubora wa kawaida ni kilobiti 96 kwa sekunde, gawanya kwa 8 unapata kilobaiti 12, zidisha kwa sekunde 240 za wimbo wa dakika nne, inakuja kama MB 2.9. Ukipandisha 160 ni MB 4.8, na ile 320 ya wanaolipia ni MB 9.6 kwa wimbo huo huo mmoja. Chini kabisa kuna ya 24, hiyo haili hata MB 1 ila besi inasikika kama mtu anapiga debe chini ya godoro. Kwa hiyo GB 1 kwenye 96 napata nyimbo mia tatu na ushee, na kwa masikio yangu haya ya daladala tofauti ya 96 na 320 siioni. Wengi wameacha kwenye otomatiki halafu wanalalamika bando linakwisha, ingieni kwenye mipangilio jamani.

Kingine ambacho huwa nakipenda, hawa jamaa wa Spotify kule Stockholm walipoanza 2008, programu yao ya kompyuta ilikuwa inavuta vipande vya wimbo kutoka kwenye kompyuta za wasikilizaji wengine, mtindo ule ule wa torenti. Hata mmoja wa walioiandika, Ludvig Strigeus, ndiye aliyetengeneza µTorrent, programu ya torenti ambayo watu wengi walikuwa wanashushia nyimbo za wizi! Ndo maana ulikuwa ukibonyeza wimbo unaanza hapo hapo kama upo kwenye kompyuta yako. Wakaja kuuacha mtindo huo 2014, seva zikawa zinatosha. Kwa kifupi dawa ya wizi waliichemsha kwenye sufuria la wezi.

Msee wa Roysambu
Salamu wakubwa, mimi ni wa hapa Nairobi. Huku kitu ya kwanza kunitoa kwa memori kadi ni apu ya Mdundo, ilianzia huku na 2020 ikaenda hadi soko la hisa la Copenhagen. Utamu wake ni miksi za madijei, unashusha MP3 yenyewe unaweka kwa simu, basi, hakuna stori mingi.

Spotify nilikuwa nayo tangu 2018 kwa njia ya VPN, nikijifanya niko London. Muziki ilikuwa sawa kabisa lakini matangazo yalikuwa ya huko London, sasa siku moja nimeenda ushago niko jikoni na mathe, nyimbo ikaisha likaingia tangazo la bima ya gari, mzungu anaongea bei kwa pauni. Mathe akaacha kukoroga ugali akaniangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umepata visa na hujatuambia?" Ilinichukua jioni mzima kumwelezea VPN ni nini na mpaka leo sidhani aliniamini.

Bint Malindi
Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati, asili yangu Unguja. Huku kwetu Spotify ilitufikia kabla yenu, Novemba 2018, na kabla ya hapo ilikuwepo Anghami ya Walebanoni, vijana wote wa huku walikuwa nayo.

Mie mpenzi wa taarabu, ile ya kukaa kitako, si hii ya kurukaruka. Sasa nakwambieni siri ya sisi tusolipia. Tangazo haliingii katikati ya nyimbo, lazima lingoje iishe. Nyimbo zetu dakika kumi na mbili, kumi na tano. Wanangu na vinyimbo vyao vya dakika mbili wakatiwa kila saa wanakasirika, mie nishasonga unga, nishakata maandazi, karai liko motoni, tangazo la kwanza bado halijanifika.

Lakini ukitazama upande wa pili ni dhulma. Nyimbo huhesabiwa imesikilizwa ikishapita sekunde 30, na baada ya hapo ya dakika mbili na ya dakika kumi na tano ni sawasawa, moja na moja. Ile fidla na ganuni za mwanzo peke yake, kabla mwimbaji hajafungua mdomo, mtoto wa siku hizi nyimbo yake ishakwisha na keshahesabiwa, ya pili imeanza. Kundi zima la watu ishirini na kitu wamekaa na ala zao, wahesabiwa mara moja tu kwa robo saa. Mie hilo silioni sawa hata nikielezwa vipi.

Mwanza Chipukizi
Dada umegusa penyewe. Mi narap, Mwanza. Ukiwa mdogo huwezi kupandisha wimbo mwenyewe Spotify wala Apple Music, lazima upite kwa msambazaji wa mtandaoni, mtu wa kati. Wa kwangu simtaji. Jina langu la kisanii lina herufi nne tu na hapo ndipo lilipoanza balaa. Siku wimbo unatoka nimeshawatangazia ukoo mzima, shangazi ananipigia, "Baba, mbona hapa kuna mzungu ana michoro shingoni?" Wimbo wangu wameuweka kwenye ukurasa wa jamaa wa Brazil mwenye jina kama langu, anapiga roki ya makelele!

Wiki tatu nimeandika barua pepe mpaka nikachoka. Sasa chekeni, mashabiki wake walikuwa wanaubonyeza wakidhani ni ngoma mpya ya mtu wao, mpaka unahamishiwa kwangu umeshasikilizwa mara 1,400. Baada ya hapo kwa nguvu zangu mwenyewe nimepata kama mia mbili hivi mwaka mzima, na nyingine ni za shangazi. Na mnajua tangu 2024 Spotify wimbo usipofika mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi hata senti. Kwa hiyo Mbrazili ndo prodyuza wangu mkuu.

kinyozi_mstaarabu
🤣🤣 Mkuu badilisha jina jiite la mchezaji wa Brazil kabisa.

Songea Express
Langu fupi. Desemba, basi la alfajiri kutoka Dar kwenda Songea, nimeshusha nyimbo kama mia nne kwenye apu ya kulipia, nimechaji na pawabenki, kiti cha dirishani, nikajisema leo nalala na muziki. Tumefika Mikumi nafungua, nyimbo zote zimekuwa za kijivu. Inaniambia niingie mtandaoni. Bando sina, salio sina, na pale hata minara ilikuwa inakuja na kuondoka. Kumbe nilikuwa nimezima data ya ile apu wiki tano nzima nabana matumizi. Nimesikiliza singeli za dereva hadi Makambako, ile ile moja inarudi, nikashuka Songea naijua verse ya kwanza na ya pili.

Zero_na_Moja
Apu nyingi ndivyo zilivyo mkuu. Spotify kwa mfano wanataka uonekane mtandaoni walau mara moja kila siku 30, wahakiki kama bado unalipa. Faili lipo kwenye simu yako ila ufunguo wanao wao.

Bint Malindi
Yaani umekodi tu.

Mzee wa Droo
Nimerudi wakuu. Mmenichekesha leo, hasa mama wa ugali. Jana nimeazima kile kidude cha kusomea kadi nikaichomeka kwenye laptopu, imefunguka! Nyimbo 312, arobaini na ngapi zimeandikwa Track 01, Track 02, nyingine zina majina ya tovuti zilizokufa zamani. Karibu zote nimezitafuta Spotify na Boomplay nimezipata, tena safi kuliko hizi zangu zinazokwaruza.

Ipo moja tu sijaipata popote, imeandikwa MPYA KALI 2. Dansi, magitaa matatu, mzee anaimba habari za barua iliyorudishwa posta haijafunguliwa, sauti ya kwanza ina kikwikwi fulani hivi. Nimeiwekea Shazam, ile apu ya kutambua wimbo, mara nne imenyamaza kimya. Nikimuuliza wife anasema kwao Tabora walikuwa wanaipiga harusini.

Msee wa Roysambu
Weka hata sekunde ishirini hapa tuskize, budangu anajua bendi zote za huko.

Mzee wa Droo
Naipandisha sasa hivi, inazunguka tu. Ngoja nitoke nje ya nyumba nishike mnara.