Wale jamaa wa king'amuzi wamenivua nguo mbele ya baba mkwe

Wakuu, naandika haya nikiwa chooni. Ndiyo sehemu pekee ya nyumba yangu ambayo saa hizi naweza kukaa bila mtu kunitazama kwa huruma.

Siwataji. Sina haja ya kuwataja. Mtaani kwetu ukisema "wale jamaa" hata kuku anageuza shingo kuangalia juu ya bati. Ni wale wenye tangazo la familia inayocheka: baba, mama, watoto wawili na bibi, wote kochi moja, meno meupe kama wamekula chaki. Mimi miaka yangu yote sijaona familia iliyolipia king'amuzi ikicheka namna ile.

Iko hivi. Baba mkwe yuko kwangu tangu Jumatano, ametoka Singida kuja kuangaliwa macho. Mzee hanywi, havuti, hachezi bao. Anachotaka duniani ni kimoja, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Saa mbili kasoro tano anavaa koti (ndiyo, koti, sebuleni, Dar es Salaam, joto hili), anavuta kiti mpaka karibu na TV, anaweka mikono magotini kama anasubiri kuapishwa.

Leo saa mbili kamili muziki wa taarifa ukalia, mtangazaji akafungua mdomo, "Habari za jio..." Paap. Kioo cheusi. Katikati, maandishi meupe: MPENDWA MTEJA, KIFURUSHI CHAKO KIMEISHA. TAFADHALI LIPIA.

Mpendwa! Mke wangu mwenyewe hajaniita mpendwa tangu 2017.

Na chaneli yenyewe ni ya bure, jamani. Ya bure! Nikahamia ya pili: mpendwa. Ya tatu: mpendwa. Nikazunguka na rimoti mpaka nikakuta chaneli moja inayoonekana safi, unahesabu mpaka kope za dada anayetangaza. Anatangaza bei za vifurushi vyao.

Mzee kwa macho yake yale hakuweza kusoma. Akamgeukia mwanangu, yuko darasa la tatu, "Hebu nisomee hapo, mjukuu wangu." Mtoto huyu kusoma kitabu cha shule mpaka nitafute mkanda. Lakini leo akasimama, akakohoa kwanza, akasoma kwa sauti ya kusomea neno kanisani. "Ki-fu-ru-shi cha-ko ki-me-i-sha." Halafu akaongeza lake: "Babu, maana yake baba hajalipa."

Ndipo ikaja ile.

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti. Akatoa kitambaa. Akafungua pembe ya kwanza, akafungua ya pili. Ndani kuna noti ya elfu kumi imekunjwa mara nne. Akaiweka pajani, akainyoosha kwa kiganja taratibu kama anapiga pasi. Kisha akanipa. KWA MIKONO MIWILI. "Shika, baba. Kalipie. Mambo haya hutokea."

Mama wa nyumba ya pili alikuwepo mlangoni, alikuja kununua barafu. Ameiona ile noti tangu inatoka kwenye kitambaa mpaka inafika mkononi kwangu. Barafu hakuchukua, alikuwa na haraka ya kwenda kusimulia.

Nikawapigia wale jamaa. Kwa Kiswahili bonyeza moja, nikabonyeza. Wakaniwekea wimbo. Dakika kumi na nne za wimbo mmoja, mpaka nikajua sehemu mpiga gitaa anapokosea. Akaja dada mmoja, sauti laini kama sufi. "Mzee wangu, umejaribu kuzima na kuwasha?" Dada, nizime nini? Nimeshazimwa mimi. Nikamuuliza, chaneli za bure mnazifungaje? Nanukuu alivyonijibu, na simu yangu ina rekodi: "Chaneli za bure zinapatikana kwa wateja waliolipia."

Rudia kusoma hiyo sentensi. Nimeirudia mara ishirini na bado haijaingia.

Sisi tulizimiwa analojia hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012. Tukaambiwa chenga basi, karibuni dijitali. Antena yangu ya mfuniko wa sufuria niliitupa kwa mkono wangu mwenyewe, namuomba Mungu anisamehe. Ile chenga ilikuwa haidai! Mvua ikinyesha mtangazaji anakuwa na vichwa viwili, lakini vyote viwili vinasoma habari. Hakuna aliyewahi kuniita mpendwa halafu akanifungia.

Mamlaka zinazohusika, kama zipo humu, zijitokeze. Sina hoja ndefu. Nina noti ya elfu kumi iliyonyooshwa pajani.

Kwa mikono miwili, wakuu.

Mtoto wa Buza: Nimesoma yote. Swali moja tu, mkuu. Hiyo elfu kumi uliipokea?

Mleta uzi: Tujadili mada.

Kijiko cha Chumvi: Hii ndiyo mada.

Mama Ubwabwa: Pole baba, lakini na wewe una lako. Mkwe yupo nyumbani tangu Jumatano, hujui kifurushi kinaisha lini? Si wanatuma meseji siku kadhaa kabla?

Mleta uzi: Walituma. Meseji za kudai hela siku hizi nafuta bila kusoma, nikajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Mama Ubwabwa: Angalau wale matapeli hawakuiti mpendwa.

Fundi Waya: Mkuu, ngoja nikusaidie kidogo, hizi ndizo kazi zangu. King'amuzi chako cha antena au cha dishi? Vile vya antena vya wenye leseni ya kurusha chaneli za bure, kifurushi kikiisha zile za nyumbani zinatakiwa zibaki. Vya dishi vyenye leseni ya kulipia ni habari nyingine. Mmesahau 2018 TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ilipowataka wenye leseni za kulipia waondoe kabisa chaneli za bure kwenye ving'amuzi vyao? Nilipiga hela mwaka ule sijapata kuona. Nyumba moja ving'amuzi viwili, rimoti tatu mezani, mtu akitaka kuongeza sauti anabahatisha.

Mleta uzi: Cha dishi.

Fundi Waya: Basi mbu unamlaumu bure, chandarua ulinunua mwenyewe kikiwa na tundu.

Mleta uzi: Dukani waliniambia chaneli za nyumbani zote zipo!

Fundi Waya: Zipo. Si ulikuwa unaziona?

Kijiko cha Chumvi: Fundi acha vifungu vya leseni. Mleta uzi, kifurushi chenyewe bei gani?

Mleta uzi: Kumi na mbili.

Kijiko cha Chumvi: Mzee katoa kumi.

Mtoto wa Buza: Wakuu, sogeeni viti. Elfu mbili ilitoka wapi?

Mleta uzi: Jamani.

Mtoto wa Buza: ELFU MBILI ILITOKA WAPI?

Mleta uzi: Mama Junior aliongezea. Ya mboga ya kesho.

Kijiko cha Chumvi: Kwa hiyo ulipokea! Tena ukoo mzima ukachangishana, kama mna msiba. Aliyesoma tangazo mtoto, mfadhili mkuu babu, mweka hazina mama. Wewe kwenye kamati ulikuwa nani?

Mama Ubwabwa: Alikuwa mpendwa.

Mleta uzi: Ilikuwa aibu kukataa, ametoa kwa mikono miwili! Ukimkatalia mzee kwa mikono miwili unaiweka wapi sura yako? Na ilivyorudi ikarudi kwenye hali ya hewa. Mzee akaambulia Singida mawingu kiasi.

Jirani wa Namanga: Poleni majirani. Wewe umekosa habari jioni moja unalia? Huku Kenya Februari 2015 stesheni kubwa zilipotea hewani karibu wiki tatu kwa sababu ya hiyo maneno ya dijitali. Mathe alikuwa anawasha TV kila saa moja jioni, anakalia hiyo giza na chai yake, anasema labda leo. Ikifika saa moja na nusu anazima, anasema asante Mungu hakuna mtu amekufa.

Dogo Janja wa Kimara: Mimi siwaelewi watu wazima. Nani bado anaangalia TV? Mwekee mzee habari kwenye simu mtandaoni, bure kabisa.

Chogo Nchi Kumi na Nne: Bure kwa bando la nani? Dogo umezaliwa juzi. Aprili 2021 vifurushi vilibadilishwa bei, watu wakaamka wakakuta hela ya juzi inanunua nusu ya bando, kelele zikapigwa nchi nzima mpaka vikasitishwa. Wewe ulikuwa unatumia bando la dada yako. Mimi nina malalamiko na wale wa laini, nanyi mnawajua. Bando la wiki nimelinunua Jumatatu, Jumatano limekwisha, simu ilikuwa imelala kwenye droo. Nikawauliza nani kalitumia? Wakasema simu inajitumia yenyewe. Yaani simu imeamka usiku, imetoka kwenye droo, imeangalia video, imerudi kulala.

Dogo Janja wa Kimara: Zima data, mzee.

Chogo Nchi Kumi na Nne: Nilizima nikiwa nimesimama!

Kinyozi wa Mbagala: Afadhali yako simu yako inaamka. Mimi yangu ilizimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016, lile fagio la simu feki. Nilibonyeza *#06# ya kuonyesha namba ya utambulisho wa simu wiki nzima kabla, kila namba inayokuja naisoma kama majibu ya hospitali. Simu ilikuwa na laini mbili, tochi, redio na spika ya kutikisa kibanda. Aliyeniuzia aliniambia hii ni orijino, tena anaapa kwa marehemu mama yake. Mama yake nilikuja kukutana naye Kariakoo anauza vitenge.

Mama Ubwabwa: Nimecheka mpaka mtoto ameamka.

Fundi Waya: Mkuu, ile spika ndiyo ilikuwa dalili. Simu orijino haitikisi kibanda.

Kinyozi wa Mbagala: Kosa langu nini sasa? Feki iliingia bandarini, ikauzwa dukani, mimi nikanunua kwa hela halali, halafu aliyezimwa ni mimi. Wateja wangu walikuwa wananyolewa kwa muziki ule. Ilipokufa ile simu, biashara ikawa kama msibani, unasikia mkasi tu.

Mjukuu wa Bibi: Nyie mnalalamikia vitu. Bibi yangu ndiye aliyeonewa. Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zinafungwa, tumempeleka bibi kwa wakala siku mbili kabla. Bibi amelima kwa jembe la mkono maisha yake yote, vidole vimekuwa laini kama kijiko cha mti. Mashine inasema alama haionekani. Tukamnawisha. Haionekani. Tukampaka mafuta ya nazi. Kidole kikateleza, mashine ikaanguka chini, wakala akatufukuza.

Mama Ubwabwa: Maskini bibi! Sasa anatumia nini?

Mjukuu wa Bibi: Ilibidi isajiliwe kwa dole la mjomba. Ndipo balaa lilipoanzia. Sasa mtu akimtumia bibi hela, jina linalotokea ni la mjomba. Watu wanaogopa, wanasema tumekosea namba. Na zikifika, mjomba anasema jina ni langu, kwa hiyo na hela ni zangu, bibi ampe ya soda.

Kijiko cha Chumvi: Huyo mjomba yuko wapi tumsikie?

Mjukuu wa Bibi: Yumo humu. Ndiye wa kwanza kuuliza habari ya elfu kumi ya watu.

Kinyozi wa Mbagala: Toba!

Mtoto wa Buza: Ngoja. Ngoja kwanza. Uandike na upande wangu. Nani alipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri? Nani alitoa dole? Bibi yako mwenyewe alisema hapo nyumbani, watu wanakula ugali, "Mwanangu, hiyo ya kutolea utakuwa unakata mwenyewe."

Mjukuu wa Bibi: Ya kutolea, mjomba. Siyo nusu.

Mtoto wa Buza: Nusu ilikuwa mwezi wa Desemba tu.

Mleta uzi: Wakuu, samahani, tulikuwa tunazungumzia king'amuzi.

Mama Ubwabwa: Subiri kidogo, mpendwa. Mjomba, endelea. Desemba ilikuwaje?