Ushauri: tokeni zikae wapi kwenye programu ya wavuti, na kwa nini watumiaji wanatolewa nje ovyo?

MsukaWavuti

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri. Kuna programu ya React iliyo app.example.com, inaongea na API iliyo api.example.com. Kuingia kunapitia mtoa utambulisho wa nje wa OpenID Connect (utaratibu wa kuingia kwa kutumia huduma nyingine), ambaye yuko kwenye domeini tofauti kabisa. Kwa sasa brauza ndiyo inayobadilisha msimbo (herufi za muda ambazo mtoa utambulisho anarudisha mtu akishaingia) kuwa tokeni, yaani vibali. Tokeni ya ruhusa (ya kuita API) inaishi dakika 10, ya kuhuisha (ya kuombea tokeni mpya) siku 14, na zote zinakaa localStorage, hifadhi ya brauza.

Matatizo ni matatu. Ukaguzi wa usalama umeikataa localStorage. Pili, mtumiaji akifungua vichupo viwili au vitatu, baada ya muda vyote vinamrudisha kwenye ukurasa wa kuingia. Tatu, kwenye mazingira ya kutengenezea, kuingia kunakubali halafu papo hapo inatokea invalid_grant (kosa la kwamba msimbo au tokeni haikubaliki). PKCE, kinga ya msimbo usitumiwe na mwizi, ipo, kwa S256 (hashi ya SHA-256). Nianzie wapi?

Fundi_Seva

Mkuu, anza na la kwanza, maana ukilitatua inavyotakiwa, la pili nalo linakuwa jepesi.

localStorage inasomeka na JavaScript yoyote inayoendeshwa kwenye ukurasa wako: uliyoandika wewe, iliyokuja na maktaba ya npm, na ile skripti ya takwimu iliyochomekwa na idara nyingine. Mstari mmoja wa getItem unatosha kuondoka na tokeni ya siku 14 na kuitumia kwenye mashine nyingine, hata mwenye akaunti akiwa ameshafunga brauza. Kuhamia sessionStorage hakubadilishi chochote hapo.

Ushauri wangu ni kwamba brauza isishike tokeni kabisa. Seva yako ndiyo iwe mteja wa OAuth (utaratibu wa ruhusa ambao OpenID Connect imejengwa juu yake). Mtu akibonyeza "Ingia", brauza inakwenda api.example.com/ingia. Seva inatengeneza state na nonce (namba za nasibu za kuthibitisha kwamba jibu ni la ombi hili) na code_verifier (siri ya PKCE), inavihifadhi, kisha inampeleka kwa mtoa utambulisho. Akirudi na msimbo, seva inalinganisha state, inabadilisha msimbo kwa tokeni ikiwa na siri yake ya mteja, inakagua nonce ndani ya tokeni ya utambulisho, na inaziweka tokeni kwenye hifadhidata. Brauza inapewa namba ya sesheni tu, ya nasibu, angalau biti 128, ndani ya kuki kama hii:

Set-Cookie: __Host-sesheni=...; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax

Kiambishi __Host- kinailazimisha brauza ikatae kuki hiyo kama haina Secure, kama Path si /, au kama kuna mtu ameiwekea Domain. Kwa hiyo subdomeini nyingine haiwezi kukupachikia kuki ya jina hilo. Kwenye hifadhidata weka hashi ya SHA-256 ya namba hiyo (alama isiyoweza kurudishwa kuwa namba), usiweke namba yenyewe. Na mtu akishaingia, toa namba mpya. Usiendelee na ile aliyokuwa nayo kabla ya kuingia.

SameSite inaamua kama kuki itumwe ombi likianzia tovuti nyingine. Wengi hukimbilia SameSite=Strict wakidhani ndiyo salama zaidi. Kwenye hatua ya kurudi, safari inaanzia domeini ya mtoa utambulisho, kwa hiyo kuki ya Strict iliyobeba state haitumwi, na kila anayeingia anakataliwa. Lax inapita, mradi jibu linarudi kwa GET. Ukichagua response_mode=form_post (jibu linarudi kwa POST), hata Lax haitumwi.

HttpOnly, inayoizuia JavaScript kuisoma kuki, haiponyi uchomekaji wa skripti. Skripti mbaya bado inaweza kutuma maombi wakati ukurasa uko wazi. Tofauti ni kwamba haiwezi kuondoka na kitu cha kutumia kesho. Sera ya Content-Security-Policy (inayotaja skripti zipi ziruhusiwe) bado unaihitaji.

binti_kodi

Kuhusu invalid_grant: kuanzia React 18, StrictMode (hali ya React ya kufichua makosa) kwenye mazingira ya kutengenezea hupachika kila kijenzi, hukiondoa, kisha hukipachika tena. useEffect yako ya kubadilisha msimbo inaendeshwa mara mbili. Msimbo ni wa matumizi mamoja, kwa hiyo ombi la pili linakataliwa. Kibaya zaidi, RFC 6749 inaishauri seva ikiona msimbo umerudiwa ifute na tokeni ilizokwisha kutoa kwa msimbo huo, ndiyo maana unaona "imekubali, halafu imekataa". Usiizime StrictMode. Toa ubadilishaji nje ya kijenzi, uweke ahadi yake (Promise) kwenye kigeu cha moduli ili anayeita mara ya pili apewe ahadi ile ile. Ukifuata njia ya Fundi_Seva, tatizo hili linakufa lenyewe.

Kama invalid_grant inatokea na kwingine, kagua redirect_uri (anwani ya kurudishiwa) herufi kwa herufi. Mkwaju wa mwisho uliozidi au uliopungua unatosha kukataliwa. Halafu kagua code_verifier: baiti 32 za nasibu kwa base64url zinatoa herufi 43, ambacho ndicho kiwango cha chini (cha juu ni 128). Hashi inapigwa juu ya herufi hizo 43, si juu ya baiti 32 za mwanzo, na matokeo yaandikwe kwa base64url bila alama za = mwishoni. Ukiandika kwa heksa haitalingana kamwe.

Jambo jingine: ukijaribu kwenye simu kwa http na namba ya IP ya kompyuta yako, crypto.subtle, zana ya brauza ya kupiga hashi, haitakuwepo. Inapatikana kwenye https au localhost tu.

MsukaWavuti

Asanteni sana wakuu. Na hili la vichupo? Tena kwa Safari ni baya zaidi. Uhuishaji wa kimyakimya kwa fremu iliyofichwa (ukurasa mdogo usioonekana) haufanyi kazi kabisa.

Nanga

Safari kwanza, ni fupi. Tangu toleo la 13.1 la mwaka 2020 inazuia kuki zote za domeini ya tatu. Fremu yako inafungua domeini ya mtoa utambulisho bila kuki yake, naye anajibu login_required. Njia hiyo iache.

Vichupo sasa. Mtoa utambulisho wako bila shaka anazungusha tokeni za kuhuisha: ukiitumia unapewa mpya na ya zamani inakufa. Kichupo A na B vinaona kwa wakati mmoja kwamba tokeni ya ruhusa imeisha. A anatuma tokeni ya kuhuisha, anapata mpya. B, milisekunde chache baadaye, anatuma ile ile ya zamani. Kwa seva hiyo ni dalili ya wizi, kwa sababu haiwezi kujua nani kati yao ndiye mwenye mali, kwa hiyo inafuta ukoo mzima wa tokeni, pamoja na ile mpya ya A. Wote wanatolewa. Mfumo unafanya kazi yake sawasawa. Usiombe uzungushaji uzimwe.

Ukibaki na tokeni kwenye brauza kwa muda, funga uhuishaji ndani ya navigator.locks.request, ambayo inapanga foleni kwa vichupo vyote vya domeini hiyo. Ukishapata kufuli, soma tena kwanza kama mwenzako hajahuisha tayari. Hatua hii ndiyo inayosahaulika, na bila yake kufuli inapanga tu makosa kwa zamu.

Ukihamia seva, mbio hizo hazijaisha, zimehama tu: maombi matano ya ukurasa mmoja yanafika pamoja. Funga safu ya sesheni kwa SELECT ... FOR UPDATE, soma tena muda wa kuisha, huisha kama bado inahitajika. Anza kuhuisha sekunde 60 kabla ya muda, ili tokeni isife njiani.

MsukaWavuti

Nimeelewa. Nikishahamia kuki, CORS (kanuni za brauza kuhusu anwani moja kuita nyingine) na CSRF (tovuti nyingine kutuma maombi kwa kuki za mtumiaji) nizishughulikieje?

Fundi_Seva

app na api ziko chini ya domeini moja, kwa hiyo kuki ya Lax itatumwa ukiweka credentials: 'include'. Seva ijibu Access-Control-Allow-Credentials: true na Access-Control-Allow-Origin iwe https://app.example.com kamili, maana nyota haikubaliki pamoja na kuki. Kama unaruhusu anwani zaidi ya moja, ongeza Vary: Origin.

Ombi la awali la OPTIONS, ambalo brauza hulituma kuuliza ruhusa kabla ya ombi lenyewe, halibebi kuki. Ukaguzi wa sesheni ukilishika na kulijibu 401 (hujaingia), brauza itakuambia ni kosa la CORS na utapoteza siku nzima ukitafuta pasipo. Vilevile, majibu ya 401 na 500 nayo yabebe hedha (vichwa vya jibu) za CORS, la sivyo programu yako ya React haitaiona 401 yenyewe.

SameSite haikulindi dhidi ya subdomeini jirani iliyovamiwa. Kwa kila POST, PUT na DELETE, kagua hedha ya Origin na ukatae isiyo yako.

binti_kodi

Na kutoka kuwe kutoka kweli: futa safu ya sesheni, ibatilishe tokeni ya kuhuisha kwa mtoa utambulisho, kisha futa kuki kwa jina na Path zile zile ukiweka Max-Age=0. Kwa __Host- usisahau Secure hata kwenye kufuta, vinginevyo brauza inaipuuza amri na kuki inabaki.