Naomba ushauri: ngumi ya anime iwe nzito bila kuchekesha

Wakuu, habari zenu. Nina kipande cha mapigano cha anime (katuni za mtindo wa Kijapani) cha sekunde 4, fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Kila mchoro unakaa fremu 2, isipokuwa ngumi inaporushwa, hapo kila fremu ina mchoro wake.

Shida ni uzito. Nikifuata kasi ya ngumi halisi, mkono unamaliza safari ndani ya fremu 3 au 4 na mtazamaji haoni kitu. Nikirefusha hadi 10, wapiganaji wanaonekana kama wako chini ya maji. Sasa nimeweka fremu 8 za bega kurudi nyuma, 1 ya mkono uliorefushwa na kufifia, kisha 3 picha imeganda ngumi ikiwa shavuni. Imekaa vizuri, ila aliyepigwa anaruka mita tano bila hata goti kukunjika! Hapo ndipo watu wanacheka. Kuganda kwa picha wala hawakulalamikii.

Nipunguze umbali, au niongeze fremu za miguu kuburuzika na vumbi kutimka? Na kishindo kianze kwenye fremu ya mguso, au fremu moja baadaye? Wachoraji wa mapigano, nisaidieni.