Pochi gani itanifaa kwa safari ya miezi minne nje ya nchi?

Mwalimu wa Wete

Asalamu alaykum ndugu zangu. Mwezi ujao, inshallah, nitaondoka Pemba kwenda Maskati kwa dada yangu, na baada ya wiki chache nitaelekea Ujerumani kwa mafunzo ya miezi mitatu. Hii ni mara yangu ya kwanza kukaa nje kwa muda mrefu hivyo, na jambo moja dogo limenishughulisha kuliko nilivyotarajia, nalo ni pochi.

Niliyo nayo ni ya ngozi, ya kukunja, niliyopewa na marehemu ami yangu. Masika haya niliitoa kabatini nikaikuta imeota ukungu mweupe kwenye mikunjo, na mshono wa pembeni umeachia hata ncha za kadi zinaonekana. Katika duka moja hapa Pemba nimeonyeshwa pochi ndefu yenye zipu pande tatu, inayoingia paspoti, kadi, fedha na tiketi kwa pamoja, na muuzaji akanieleza kwamba ndani yake mna kitambaa kinachozuia wezi kusoma kadi kwa mawimbi ya redio. Bei yake ni mara tatu ya pochi ya kawaida. Moyo umeipenda kwa sababu kila kitu kitakaa mahali pamoja. Je, niinunue, au kuna njia iliyo bora?

Bi Mkunazini

Waalaykumu salamu, mwalimu. Hilo linalokuvutia, yaani kila kitu kukaa mahali pamoja, ndilo ninalokuomba uliogope.

Nilipokwenda kusoma Ulaya nilikuwa na pochi ya aina hiyohiyo, na niliipenda. Jioni moja ndani ya treni iliyojaa watu mtu mmoja alinigonga begani, akaniomba radhi kwa adabu kabisa, nami nikamjibu kwamba haidhuru. Niliposhuka nikaona zipu ya mkoba wangu iko wazi nusu na kitambaa cha ndani kinachungulia nje. Fedha taslimu zilizokwenda hazikufika euro 60, na hizo ningezisahau. Lakini paspoti ilikuwa humo, na kadi zangu zote mbili za benki zilikuwa humo, kwa hiyo ilinibidi kwenda polisi kuandikisha, kisha kusafiri hadi mji mwingine ulio na ubalozi wetu, na nauli ya kunifikisha huko sikuwa nayo mpaka jirani aliponikopesha. Wiki kadhaa za masomo zilipotea kwa ajili ya kitu kimoja kilichobeba kila kitu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja kabla ya kununua pochi: ikiibiwa leo, nitabaki na nini? Ushauri wangu ni uwe na pochi ndogo ya matumizi ya siku, yenye kadi moja na fedha za siku hiyo, na uiweke mfuko wa mbele wa suruali, si wa nyuma. Vilivyobaki, yaani paspoti, kadi ya pili, akiba ya dola na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, viwe katika mfuko bapa wa kitambaa unaovaliwa chini ya nguo, kama mikanda wanayovaa mahujaji wetu. Wazee walifutika fedha kibindoni kwa sababu hiyohiyo. Ila usiufungue mfuko huo barabarani mbele za watu, maana ukishaonekana ulipo, haufichi tena kitu.

Kitambulisho cha Mzanzibari na kadi nyingine zisizo na kazi huko uendako, ziache nyumbani.

Fundi wa Ngozi, Ng'ambo

Nakubaliana na Bi Mkunazini, nami nitaongeza ya ufundi, kwa kuwa watu wengi hununua pochi kwa kutazama rangi na nembo.

Kwanza tazama ukingo uliokatwa. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zake zilizoshikamana, lakini ile iliyotengenezwa kwa unga wa ngozi na gundi mara nyingi imebandikwa juu ya kitambaa, na baada ya miezi michache ya kukunjwa huanza kubambuka magamba kwenye mkunjo. Kisha tazama mshono. Mshono wa mkono wa sindano mbili una faida kwamba uzi mmoja ukikatika, wa pili unaendelea kushika. Wa cherehani ukikatika mahali pamoja huweza kufumuka polepole. Pembe za matundu ya kadi ndizo zinazoachia mwanzo, kwa hiyo hapo pawe pameshonwa mara mbili. Zipu uivute mara kumi papo hapo dukani, na ikikwama hata mara moja, irudishe.

Jambo la vipimo hupuuzwa sana. Noti ya dola ina kimo cha milimita 66, lakini noti za euro 50 na 100 zina kimo cha milimita 77, kwa hiyo pochi iliyokatwa kwa kufuata dola itaziacha zichungulie juu, na hapo huchakaa na kuonekana na kila mtu. Sarafu nazo ni muhimu kwa upande wako. Maskati hutazihitaji sana, kwa sababu hata nusu ya riali ni noti. Ujerumani ni kinyume chake: euro 1 na euro 2 ni sarafu, na sarafu ya euro 2 ina uzito wa gramu 8.5, kwa hiyo kumi tu zinakupa gramu 85 za chuma zinazovuta mshono kila siku. Chagua yenye kijaluba cha sarafu kinachofungwa, kilichoshonwa kwa ngozi na si kwa kitambaa chepesi.

Pochi ya ami yako usiitupe. Ukungu ufute nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha iache kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huikausha ngozi ikapasuka. Usiifunge ndani ya plastiki. Mshono ulioachia unashoneka.

Kijana wa Chake

Kuhusu mawimbi ya redio, usilipe mara tatu kwa ajili hiyo. Kadi za kugusisha husomwa kwa umbali wa sentimita chache tu, na paspoti zetu za kielektroniki zilizoanza kutolewa mwaka 2018 zina chipu ambayo haifunguki mpaka mashine isome kwanza maandishi ya ukurasa wenye picha. Wizi wa vidole ni wa kuogopwa zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba kadi mbili za kugusisha zikikaa pochi moja, mashine inaweza kukata fedha katika ile usiyoikusudia, kwa hiyo itoe kadi unayotaka kuitumia.

Mwalimu wa Wete

Nawashukuru sana, na hasa wewe, Bi Mkunazini, kwa kutueleza lililokufika. Pochi ndefu nimeiacha. Nimepima ya ami yangu: kina chake ni sentimita 9, kwa hiyo noti za euro zitaingia, ila haina pa kuweka sarafu. Fundi, inawezekana kuongezwa kijaluba bila kuiharibu ngozi ya zamani? Na je, mfuko wa ndani wa paspoti unaweza kunishonea wewe?

Fundi wa Ngozi, Ng'ambo

Inawezekana, kama ngozi haijakauka kwenye mkunjo. Ikunje taratibu ukiwa penye mwanga, na ukiona nyufa, niambie kabla hujaisafirisha. Mfuko wa paspoti nitakushonea kwa pamba nzito, maana ngozi hutoa jasho ikikaa mwilini. Paspoti ni milimita 125 kwa 88, nami nitakata sentimita 15 kwa 11 ili cheti cha chanjo kiingie pamoja nayo. Nipe kipimo cha kiuno chako, na unieleze kama hupendelea kuvaa mkanda kiunoni au kamba shingoni.