Roadster ya 1.6 yenye Speeduino: inazima nikiachia ufunguo, na silensa haitulii

Roadster_Arusha aliuliza:

Habari zenu wakuu. Ninamiliki Eunos Roadster (gari dogo la Mazda) ya mwaka 1990 yenye injini ya B6 ya cc 1,597. Nimeiondolea kompyuta yake ya kiwandani pamoja na ile mita ya hewa yenye kipepeo, na mahali pake nimefunga Speeduino, kompyuta ya injini ambayo mtu huipangia mwenyewe, inayosoma presha ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini). Injini huwaka vizuri wakati starta inazunguka, lakini mara tu ninapoachia ufunguo inazima. Nikiunganisha kwa kipande cha waya tundu la F/P (pampu ya petroli) na la GND (eathi) kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, pampu ya petroli hufanya kazi mfululizo na injini haizimi tena. Hapo ndipo linapojitokeza tatizo la pili: injini ikishapata moto, silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, hupanda hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, hushuka hadi 700, kisha hupanda tena bila kukoma. Nimewasha mfumo wa kujirekebisha wa vali ya silensa na kuongeza nguvu ya masahihisho yake, hali ikazidi kuwa mbaya. Je, matatizo haya yana chanzo kimoja?

Mzee_wa_Waya alijibu:

Ndugu, hayo ni matatizo mawili yasiyohusiana, na la kwanza umekwisha kulipima mwenyewe bila kujua. Rilei ya pampu katika Roadster ya 1.6 ina koili mbili. Koili ya kwanza hupata umeme kutoka kwenye waya wa starta, ndiyo maana pampu hufanya kazi unapopiga starta. Koili ya pili hupata eathi kupitia swichi ndogo iliyomo ndani ya mita ya hewa, ambayo hujifunga hewa inaposukuma kipepeo. Wewe umeiondoa mita hiyo, kwa hiyo koili ya pili haina tena mahali pa kupata eathi, na starta inapoacha kuzunguka pampu nayo inasimama.

Tafuta kwenye plagi ya mita ya hewa waya uliokuwa ukitoka kwenye rilei kwenda kwenye swichi hiyo, kisha uunganishe na tokeo la pampu la Speeduino, ambalo kazi yake ni kutoa eathi. Baada ya hapo weka muda wa pampu kujaza presha unapofungua swichi ya gari. Sekunde 2 zinatosha kwa mfumo huu wa karibu bar 3. Ukisikia pampu ikinguruma kwa muda huo kisha ikanyamaza, waya umeufunga sawasawa.

Kijana_wa_Gereji alijibu:

Kwa nini ajisumbue hivyo? Aunganishe moja kwa moja zile pini mbili za swichi kwenye plagi ya mita ya hewa, amalize kazi. Magari mengi yamefungwa hivyo na yanatembea.

Mzee_wa_Waya alijibu:

Yanatembea, naam, hadi siku yatakapogonga kitu. Kipepeo kile kiliwekewa swichi kwa sababu maalumu: injini ikisimama hewa hukatika na pampu hukatika pamoja nayo. Ukiziunganisha pini hizo moja kwa moja, gari lililopinduka huku bomba la petroli limepasuka litaendelea kumwaga petroli maadamu ufunguo umefunguliwa. Speeduino inarudisha ulinzi huohuo, kwa kuwa huizima pampu isipopata ishara ya mzunguko wa injini. Kuacha faida hiyo kwa ajili ya kuokoa waya mmoja ni jambo nisiloweza kumshauri mtu yeyote.

Taimingi_Kwanza alijibu:

Nami nizungumzie silensa. Zima kwanza mfumo wa kujirekebisha, kwa sababu hauwezi kutuliza injini ambayo msingi wake wenyewe unayumba. Funga taimingi (wakati wa kupiga cheche) kwenye nyuzi 10 katika programu ya Speeduino, uhakikishe kwa taa ya taimingi kwamba puli ya krenki inaonyesha nyuzi hizohizo. Bila hatua hii kila namba utakayoandika baadaye ni ya kubahatisha. Kagua pia mipira ya vakyumu, na usisahau kwamba chini ya bodi ya throto, mbali na vali ya umeme, ipo vali ya nta inayopitisha hewa ya ziada injini ikiwa baridi. Maji ya rejeta yasipoifikia vizuri, nta haitanuki, na hewa hiyo inaendelea kuingia hata injini ikiwa ya moto.

Kisha chomoa plagi ya vali ya umeme na urekebishe skrubu ya hewa mpaka injini ya moto ikae chini kidogo ya lengo, tuseme 750 ikiwa unataka 850. Rudisha vali uone inahitaji asilimia ngapi kufikia lengo. Kwa Arusha, ambako presha ya hewa ni karibu kilopaskali 86, itahitaji kufunguka zaidi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo usinakili jedwali la mtu wa pwani.

Baada ya hapo rudisha taimingi kwenye jedwali, na hapa ndipo ninaposhuku penye ugonjwa wako. Namba za visanduku vya majedwali ya mafuta na ya taimingi vinavyozunguka eneo la silensa zisitofautiane sana. Taimingi ikiongezeka kadiri mizunguko inavyopanda, injini hujisukuma yenyewe kwenda juu. Iwe kinyume chake, yaani nyuzi chache zaidi chini ya lengo na chache pungufu juu yake, ili inapotaka kuzama ipate nguvu mara moja. Taimingi hufanya kazi katika mlipuko unaofuata, ilhali hewa ya vali huchelewa kufika. Angalia pia ukataji wa petroli unapoachia pedali ya mafuta: ukiwa umewekwa kwenye 1,400, basi injini inapanda, inakatiwa petroli, inaanguka na kuanza upya. Uweke juu ya 1,800. Mfumo wa kujirekebisha uurudishe mwisho kabisa, kwa nguvu ndogo.

Roadster_Arusha aliandika:

Ahsanteni sana. Pampu sasa inatii, na ukataji wa mafuta kweli ulikuwa kwenye 1,300. Silensa imetulia kwenye 870, isipokuwa ninapoinua taa za mbele inashuka na injini kukaribia kuzima.

Taimingi_Kwanza alijibu:

Mota za taa hizo hushusha volti kwa ghafla, na nozeli huchelewa kufunguka volti zinaposhuka, kwa hiyo petroli inapungua wakati uleule ambapo altaneta inailemea injini. Linganisha volti zinazosomwa kwenye programu na zile za betri kwa mita. Zikitofautiana, imarisha eathi ya kompyuta kwanza. Zikilingana, rekebisha masahihisho ya nozeli kwa volti kati ya 11 na 14, ukitazama sensa ya oksijeni huku mwenzako akiinua na kushusha taa.