Malalamiko: My Big Fat Greek Wedding haimtendei haki anayeoa ukoo wa watu, na mwendelezo wake umezidisha kosa

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kila panapozuka mjadala humu kuhusu ndoa za watu wa makabila au madhehebu tofauti, hakosekani mtu wa kuwashauri wachumba watazame My Big Fat Greek Wedding ili wajifunze namna ya kuingia katika ukoo mkubwa na wenye kelele. Juzi ushauri huo umetolewa tena, safari hii kwa binti anayejiandaa kuolewa mbali na kwao, na wachangiaji wengi wakaunga mkono. Mimi napinga. Filamu hiyo ina mazuri yake na nitayataja, lakini katika jambo hilo hasa, la mgeni anayeingia katika ukoo wa wenzake, imekosa haki tangu ilipotoka mwaka 2002.

Kwa wasioitazama, kisa ni cha Toula Portokalos, binti wa wahamiaji wa Kigiriki mjini Chicago, ambaye amefikisha miaka thelathini bila mume, akihudumia wateja katika mgahawa wa baba yake. Anajiandikisha chuoni kusoma kompyuta, anahamia katika ofisi ya usafiri ya ndugu zake, anakutana na mwalimu aitwaye Ian Miller ambaye hana hata tone la damu ya Kigiriki, na ukoo mzima unataharuki. Sehemu ya Toula ni nzuri kupita kiasi. Mama yake, Maria, pamoja na Voula, ndugu wa ukoo huo, wanavyopanga maneno mpaka baba mtu, Gus, anaamini kwamba wazo la binti kwenda kufanya kazi kwenye ile ofisi limetoka kichwani mwake mwenyewe, ni kipande ambacho kila mwanamke aliyekulia katika nyumba yenye mzee mkali anakijua. Ugomvi wangu hauko hapo. Ugomvi wangu unaanza Ian anapovuka kizingiti.

Tuanze na ubatizo, kwa sababu ndilo tukio linalochekesha watu kuliko yote na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ian, mtu mzima, anasimama kanisani akiwa na kaptula ya kuogelea ndani ya bwawa la plastiki la kujaza upepo, lile la kuchezea watoto, anapakwa mafuta mwili mzima na kumwagiwa maji huku ndugu za mchumba wake wakitazama, na Toula akiwa na wasiwasi kwamba mwanamume huyu atakimbia. Hakimbii. Anatoka akiwa na tabasamu na kutangaza kwamba sasa yeye ni Mgiriki. Filamu inatuambia hapakuwa na njia nyingine, kwamba bila ubatizo huo wasingefunga ndoa kanisani. Hilo si kweli. Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki nchini Marekani linaruhusu muumini wake kufunga ndoa kanisani na Mkristo wa dhehebu jingine, mradi huyo amebatizwa kwa jina la Utatu Mtakatifu, wala halimlazimishi kuwa Mwothodoksi. Na mtu wa namna hiyo akiamua mwenyewe kujiunga, kwa kawaida hupokewa kwa kupakwa mafuta matakatifu, bila kurudiwa ubatizo. Wapo Waorthodoksi Bukoba na Nairobi ambao wangeweza kuwaeleza jambo hili kwa dakika mbili.

Kwa nini nalishikilia? Kwa sababu masharti ya ukoo yamevishwa joho la kanisa. Laiti filamu ingesema ukweli, kwamba ni Gus anayetaka mkwe wake ageuzwe, na kwamba Ian anakubali kwa sababu ya mapenzi, tungekuwa na kitu cha kufikiria: mzee huyu anadai nini, ana haki gani ya kudai, na yeye atatoa nini. Lakini ukishasema ni sheria ya kanisa, Gus hana la kujibu na Ian hana la kuhoji. Mimi nimeolewa katika ukoo usio wa kabila langu na nimeona kwa macho yangu jinsi mambo mengi yanayoitwa mila yanavyogeuka kuwa matakwa ya mzee mmoja pale mtu anapothubutu kuuliza. Binti yule aliyeshauriwa juzi anahitaji kujua tofauti hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na filamu hii inaifuta.

Kuna jambo la pili ambalo sijaona mtu humu akiligusa. Nia Vardalos, aliyeiandika filamu hii na kuigiza kama Toula, aliichota hadithi katika maisha yake. Aliolewa mwaka 1993 na mwigizaji Ian Gomez, ambaye ndani ya filamu amepewa sehemu ndogo ya rafiki wa bwana harusi. Gomez si mtoto wa familia baridi isiyo na mila: baba yake ana asili ya Puerto Rico na mama yake alikuwa Myahudi mwenye asili ya Urusi. Tafakarini uzito wa hilo. Mtu mwenye damu ya Kiyahudi na ya Puerto Rico anaingia katika ukoo wa Kiorthodoksi. Hapo pana koo mbili zenye nyimbo, vyakula, misiba na kumbukumbu za uhamiaji, na kila upande una kitu cha kupoteza. Badala yake tumeletewa akina Miller, mume na mke wazee, wenye mtoto mmoja, wanaoketi kwenye meza ndefu wakizungumza kwa sauti ya chini, watu ambao wameumbwa bila chochote ili mtazamaji asisikitike wanapomezwa. Naelewa kwamba mwandishi ana uhuru wa kubadilisha. Ninalalamikia uamuzi huu kwa sababu umeondoa mzani wote wa hadithi.

Angalieni siku wazazi hao wanapofika kwa akina Portokalos kwa mara ya kwanza. Wameambiwa ni chakula cha jioni cha utulivu, cha wazazi kwa wazazi. Wanakuta mwanakondoo mzima anageuzwa juu ya moto mbele ya nyumba na ukoo mzima umejaa uani, wanajaziwa ouzo, pombe kali ya Kigiriki, kwenye glasi, na Voula anawasimulia kuhusu uvimbe aliokuwa nao mwilini uliokutwa na masalia ya pacha wake. Mama Miller amebeba keki aliyoioka mwenyewe, ile ya duara yenye tundu katikati. Maria haijui keki ya namna hiyo, anaipokea kwa mashaka, na baadaye inaletwa mbele ya watu ikiwa imechomekwa chungu cha maua kwenye lile tundu. Watazamaji hucheka mpaka machozi. Mimi ninamwangalia yule mama. Amekuja na zawadi ya mikono yake nyumbani kwa wakwe wa mwanawe, jambo ambalo sisi sote tungelihesabu kuwa heshima kubwa, na hakuna aliyemuuliza keki hii huliwaje. Wageni wakishaondoka, anayepewa nafasi ya kulalamika ni Gus! Yeye ndiye anayesema watu wale ni wakavu na kwamba waliwatazama kana kwamba wao ni wanyama wa maonyesho. Halafu kadi za harusi zinachapwa na upande wa bibi harusi, na jina la mama wa bwana harusi linakosewa, na hilo nalo linapita kama mzaha.

Najua mtaniletea hotuba ya Gus siku ya harusi, pale anapochambua majina ya koo mbili, moja akalipeleka kwenye tufaha na jingine kwenye chungwa, kisha akasema mwisho wa yote sisi sote ni matunda. Ni hotuba nzuri na Michael Constantine, aliyeigiza kama Gus, aliitoa vizuri sana. Lakini imemgharimu nini? Kwa wakati huo Ian ameshabatizwa, ameshaoa katika kanisa lao, sherehe ni ya kwao, muziki ni wa kwao. Mzee anatangaza usawa baada ya mwenzake kukubali kila kitu. Mtaniletea pia ile nyumba aliyowazawadia maharusi. Nyumba ni gharama kubwa, nakubali, na mzee huyo hakuwa bahili. Ila nyumba yenyewe iko jirani na yake, ukuta kwa ukuta, na filamu inamalizika kwa Toula na Ian wakiishi hapo, na binti yao akipelekwa shule ya Kigiriki anakotaka babu. Babu na bibi wa upande wa Miller hawamo katika picha hiyo ya mwisho. Ukihesabu nani amehama kutoka wapi kwenda wapi, jibu ni moja tu.

Filamu hii ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 5 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 368 duniani kote, ingawa haikuwahi kushika nafasi ya kwanza katika wikendi yoyote ile katika majumba ya sinema ya Marekani. Ilipanda kwa watu kuambiana. Ndiyo maana nasema funzo lake limesambaa kuliko la filamu nyingine yoyote ya aina hii, na ndiyo maana nilitarajia kwamba fedha hizo zingempa mwandishi ujasiri wa kurudi na kumtazama upya yule mgeni.

Kilichofuata ni aibu. Mwaka 2003 kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilirusha tamthilia iliyotokana na filamu hiyo, ikadumu vipindi saba tu. Baba alikuwa yule yule, mama yule yule, Voula yule yule, kaka mtu yule yule. Aliyebadilishwa ni bwana harusi. John Corbett, aliyeigiza kama Ian, alikuwa ameshajifunga na kazi nyingine, basi akaletwa mwigizaji mwingine, akapewa na jina jingine, Thomas, na ukoo ukaendelea na maisha yake. Sina haja ya kuongeza neno hapo.

Mwaka 2016 ikaja filamu ya pili. Wakati huu inagundulika kwamba cheti cha ndoa cha Gus na Maria hakikuwahi kusainiwa na kasisi, na sherehe kubwa inakuwa ya wazee hao. Ian sasa ni mkuu wa shule, na ndoa yake imepoa kwa sababu mkewe anawahudumia ndugu wote isipokuwa yeye. Jamani, hilo ndilo swali lenyewe! Mtu ameoa mke mmoja akapata ukoo mzima, na baada ya miaka mingi anaona nafasi yake nyumbani imekuwa finyu. Ni jambo ambalo wanandoa wengi humu wameliandikia kurasa na kurasa. Filamu inalijibu kwa kuwapangia matembezi ya wawili, wanakatizwa na ndugu, tunacheka, basi. Ian hapewi hata mara moja nafasi ya kukaa na mkewe akasema kinachomuumiza. Amegeuzwa kuwa samani ya nyumba hiyo: imara, nzuri kutazama, na haiulizwi kitu.

Ya tatu, ya mwaka 2023, imeongozwa na Vardalos mwenyewe, baada ya Constantine kufariki mwaka 2021. Ukoo unakwenda Ugiriki katika kijiji alichozaliwa Gus, na Nick, mwanawe, amebeba majivu ya baba yake ili yazikwe chini ya mti mkongwe. Majivu! Kanisa la Kiorthodoksi kwa mapokeo yake halikubali kuchoma maiti, na Gus ndiye yule yule ambaye kwa ajili yake mwanamume mzima aliingizwa kwenye bwawa la plastiki. Sharti lililokuwa gumu kama jiwe lilipomhusu mkwe limeyeyuka lilipomhusu mwenye nyumba, na hakuna ndugu hata mmoja anayesimama kuuliza. Ningependa Ian ndiye aulize. Alikuwa na haki ya kuuliza kuliko mtu mwingine yeyote aliyesimama chini ya mti ule.

Na katika filamu hiyo hiyo kuna binti mkimbizi kutoka Syria, Qamar, anayeolewa na kijana wa kijiji hicho. Mtu aliyepoteza nchi yake anaingia katika familia yenye baba mkaidi wa Kigiriki: ilikuwa nafasi ya kusimulia upya kisa cha Ian kwa uzito wake wote, kwa kuwa Qamar hana hata wazazi wa kuja na keki mlangoni. Amepewa dakika chache pembeni, na harusi yake imetumika kama sababu ya kila mtu kucheza.

Sasa, kwa wale wanaoendelea kuipendekeza filamu hii kama somo la ndoa, naomba mnijibu kwa hoja. Nitajieni tukio moja, katika filamu zote tatu, ambapo akina Portokalos wanakwenda kuketi nyumbani kwa akina Miller na kula walichopikiwa huko, kwa utaratibu wa wenyeji wao. Na wewe binti uliyeshauriwa juzi, kabla hujasema ndiyo kwa lolote, waulize wakwe zako mambo matatu: sharti hili limetoka kwa nani, limewahi kumfunga mtu wa kwao, na wazazi wako watakaa wapi siku ya sherehe.